Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Tawi la Simba: Mabao Tuliyoyakosa na Ratiba Iliyo Mbele

Ndugu wanachama, wazee wetu mliokaa mbele, akina mama, na nyinyi vijana mliojazana mlangoni kwa sababu viti havitoshi: shikamooni wa kushikamoo, na wengine habari zenu. Simba! Nguvu moja.

Mwaka jana wakati kama huu nilisimama hapa kifua mbele. Ngao ya Jamii, ile ya kufungua msimu, ilikuwa imechezwa kwetu Tanga, Mkwakwani, tarehe 13 Agosti 2023. Kipa wetu Ally Salim akapangua penalti za watani wetu Yanga, tukatoka uwanjani tukatembea kwa miguu mpaka Ngamiani, koo zimekauka kwa kuimba. Siku ile nilitamka maneno mazito kuhusu ubingwa. Katibu aliyaandika kwenye kaunta buku, na leo asubuhi kanisomea neno kwa neno bila hata kutabasamu. Naomba yafutwe kwenye kumbukumbu.

Tumemaliza ligi ya 2023/24 nafasi ya tatu. Pointi 69, sawasawa na Azam, lakini wenzetu wametupita kwa tofauti ya mabao, na kwa hiyo wao wamekwenda Ligi ya Mabingwa Afrika na sisi tumekwenda Kombe la Shirikisho. Yanga wamechukua ubingwa wa 30 wakiwa na pointi 80. Mimi sitaki tuizunguke habari hii. Tumekosa nafasi ya pili kwa mabao tu, na taarifa yangu ya leo, ukiondoa mambo machache ya ndani, ni ya mabao.

Tarehe 5 Novemba 2023, mechi ya Yanga, nyote mlikuwa hapa. Mapumziko ilikuwa 1-1, Kibu kasawazisha, watu wanaagiza kahawa. Kipindi cha pili mambo yakageuka, tukapigwa mkono, yaani tano. Lilipoingia la nne, mzee wetu mmoja, jina nalihifadhi, aliinuka taratibu akachomoa waya wa king'amuzi ukutani, akaukunja vizuri kama anayekunja msala, akaondoka nao nyumbani. La tano tulilisikia kutoka kwa majirani wa ng'ambo ya barabara, maana walipiga masufuria. Waya ulirudishwa baada ya siku tatu. Robertinho akaondoka, akaja Benchikha, naye akaondoka Aprili kwa sababu za kifamilia, Juma Mgunda akatumalizia msimu. Makocha watatu ndani ya msimu mmoja. Hata ungekuwa na washambuliaji wa dhahabu, wangechanganyikiwa.

Lakini hatukuwa nao, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Dirisha dogo la Januari tuliwaachia Jean Baleke na Moses Phiri kwa mpigo mmoja, wakaja Freddy Michael na Pa Omar Jobe. Sina ugomvi na vijana wale. Freddy ndiye aliyetufungia bao letu pale Yanga walipotufunga 2-1 mwezi Aprili. Ila kubadilisha safu nzima ya mbele katikati ya msimu ni sawa na kubadilisha injini gari likiwa linapanda mlima. Aliyeongoza kwa mabao kwetu akawa Saido, ambaye ni kiungo. Mkitaka mfano wa timu isiyojua kesho itafunga ngapi, kumbukeni Machi: Jwaneng Galaxy ya Botswana tuliwapiga 6-0 kwenye uwanja wa Mkapa, tukavuka kwenda robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Siku chache baadaye, kwenye ligi, Prisons wakatufunga 2-1 pale Jamhuri, Morogoro. Na ile robo fainali yenyewe, Al Ahly walitufunga moja nyumbani na mbili Cairo. Nyumbani tulipata nafasi ambazo hata mimi, na goti langu hili, ningejaribu. Hatukupata hata bao moja katika mechi mbili.

Sasa sikilizeni hesabu hii, maana nimeirudia mara nyingi usiku. Tulipochukua ubingwa mara nne mfululizo, mfungaji bora wa ligi alikuwa wetu kila mwaka. Msimu wa 2017/18 Okwi, mabao 20. Msimu uliofuata Kagere, 23. Kagere tena, 22. Msimu wa 2020/21 Bocco, 16. Tangu hapo hatujagusa kombe la ligi. Kijana mmoja wa kamati ya vifaa alinipinga kwenye kikao, na alinipinga vizuri, kwa hiyo nayaleta maneno yake. Alisema, mwenyekiti, 2021/22 mfungaji bora alikuwa George Mpole wa Geita Gold, na Geita hawakuwa mabingwa. Halafu 2022/23 Saido wetu alilingana na Mayele wa Yanga, 17 kwa 17, na kombe likaenda Jangwani kwao. Na msimu huu ulioisha Aziz Ki wa Yanga kafunga 21 wakati yeye siyo namba tisa, mshambuliaji wa kati. Ni kweli yote. Nimekubali kwamba kiatu cha mfungaji bora peke yake hakileti kombe. Ila yeye pia akubali kwamba miaka ile minne ukimuuliza mtoto wa darasa la pili nani atafunga kesho, alikuwa na jibu. Msimu uliopita mimi mtu mzima sikuwa nalo.

Walioondoka mnawajua. Bocco, Saido, na Chama. La Chama sitaki kulirefusha, maana kwenda ni haki ya mchezaji, ingawa badala ya Yanga angeweza kwenda mahali pengine popote duniani. Mwanachama wetu mmoja alichukua jezi yake namba 17 akaipiga pasi ya mkaa ili abandue jina. Jina halikubanduka. Mgongo wa jezi ukatoboka tundu la ukubwa wa chapati. Anaivaa hivyohivyo, kwa ndani ya koti, na tumekubaliana asiulizwe.

Waliokuja: Steven Mukwala, Mganda, ametoka Asante Kotoko alikofunga mabao 14 kwenye ligi ya Ghana. Jean Charles Ahoua ametoka Stella ya Abidjan akiwa mchezaji bora wa ligi ya Ivory Coast, mabao 12 na pasi tisa za mabao. Joshua Mutale wa pembeni, kutoka Power Dynamos. Valentino Mashaka, kijana wetu wa nyumbani, kutoka Geita. Nyuma yao Debora Fernandes na Okejepha katikati ya uwanja, na kocha ni Fadlu Davids wa Afrika Kusini, aliyekuwa kocha msaidizi Raja Casablanca msimu ule waliochukua ubingwa wa Morocco bila kupoteza mechi. Kambi ilikuwa Ismailia, Misri.

Ninatarajia nini? Nawaambia msichopenda kusikia. Simba Day, tamasha letu la kufungua msimu, tuliwafunga APR ya Rwanda 2-0: Debora na Balua. Tarehe 8 Agosti Yanga wakatufunga 1-0 kwenye nusu fainali ya Ngao, bao la Maxi. Juzi tukawafunga Coastal Union ya hapa Tanga 1-0 kupata nafasi ya tatu, kafunga Karabaka (na hapa Tanga nusu ya wanachama wangu walinuna kimyakimya, Coastal ni damu yetu). Mabao matatu katika mechi tatu, na hakuna hata moja la mshambuliaji wa kati. Mukwala atahitaji muda. Anakuja ligi mpya, wenzake wote wapya, na mabeki wa huku hawana adabu. Kwa maoni yangu mabao ya mwanzo yatatoka kwa Ahoua, kwa mipira iliyokufa (faulo na penalti), na kwa mabeki wanaopanda kwenye kona. Ahoua ana mguu wa kutulia. Tazameni anavyouweka mpira kabla ya kupiga, hana papara. Kama nikikosea, katibu ana kalamu.

Ninachoomba ni kimoja. Mshambuliaji akikosa bao mechi ya kwanza, asizomewe humu ndani na wala asitengenezewe picha za kejeli kwenye kundi la WhatsApp la tawi. Jobe alichambuliwa na watu wetu wenyewe mpaka watani wakakosa la kuongeza.

Ratiba. Ligi ni timu 16, mechi 30. Tunaanza Jumapili tarehe 18 Agosti na Tabora United, kisha Jumapili inayofuata Fountain Gate, zote mbili nyumbani. Nyumbani safari hii ni uwanja wa KMC pale Mwenge, siyo kwa Mkapa. Uwanja ni mdogo. Wale waliozoea kufika saa tisa wakakuta tiketi, wajue zamani imepita: wekeni hela kwenye N-Card, ile kadi ya tiketi, mapema. Hizi mechi mbili ndizo za kufunga mabao mengi, maana tumeona Mei tofauti ya mabao ilivyotufanya.

Septemba ni ya Afrika. Raundi ya kwanza ya Shirikisho hatuchezi, tunamsubiri mshindi kati ya Uhamiaji ya Zanzibar na Al Ahli Tripoli ya Libya. Mechi ni wikiendi ya tarehe 13 hadi 15, na marudiano wikiendi inayofuata. Akija Mlibya, bao la ugenini ni mali. Nadhani tutakwenda kule kujilinda na kuyamaliza hapa. Halafu Jumamosi tarehe 19 Oktoba, kwenye ligi, watani. Kwa ligi nzima, wageni wetu wapya ni KenGold ya Mbeya, ambao hawajawahi kucheza Ligi Kuu, na Pamba ya Mwanza waliorudi baada ya miaka mingi, wazee wanawakumbuka. Ihefu sasa wanaitwa Singida Black Stars, msije mkadhani ni timu nyingine. Mbeya na Kigoma ndiko pointi zinakopotelea, kwa hiyo msipige hesabu za ubingwa kabla ya safari hizo.

Mambo ya ndani kwa ufupi. Hesabu ataisoma mweka hazina baada yangu. Safari ya kwenda Dar kwenye mechi ya Jwaneng, coaster tuliyokodi ilizima kabla ya Chalinze usiku wa manane, na mwenye gari bado anatudai salio. Kamati imekataa kulipa, na mimi nimesaini. Akina mama wanastahili shukrani kwa misiba miwili waliyosimamia bila kusubiri mchango wa tawi ukamilike. King'amuzi kimelipiwa hadi Septemba. Waya umewekewa kufuli.

Safari ya mechi ya tarehe 18 itaondoka hapa baada ya sala ya alfajiri, kupitia Segera. Nauli imebandikwa ukutani. Gari ni la mtu mwingine, nimelikagua mwenyewe matairi. Anayetaka kiti ampe katibu jina na hela kabla ya Ijumaa jioni, na asiniletee mimi barabarani.

Mwenyekiti wa Tawi,
Tanga, Agosti 2024