Somo, kabla hujatoa hiyo elfu arobaini na tano

Mikindani, Mtwara
12 Septemba

Mpendwa somo,

Salaam nyingi kwako na kwa wote hapo Nachingwea. Barua yako imenifikia, na swali lako nimelielewa: utoe shilingi 45,000 ununue miwani ya kuzuia mwanga wa bluu kabla minada ya korosho haijaanza, au uache? Maana ukishinda kwenye kompyuta ya AMCOS, chama chenu cha ushirika cha wakulima, tangu asubuhi, ikifika saa tisa macho yanawasha, kichwa kinagonga, na kilo za wakulima zinaanza kuchezacheza kwenye skrini. Jibu langu ni kwamba uache. Hela hiyo ina kazi nyingine kwenye macho yako hayohayo.

Nianze na ile kalamu ya mwanga ya muuzaji wa miwani, kwa kuwa ndiyo iliyokushawishi. Muuzaji alimulika kadi kupitia miwani ya kawaida, kadi ikashika alama. Akamulika kupitia miwani yake, kadi ikabaki ilivyo. Jaribio hilo ni la kweli, ila haliihusu kompyuta yako. Mwanga wa kalamu zile ni wa zambarau, kwenye nanomita 405 hivi (nanomita ni kipimo kinachotofautisha rangi za mwanga), ukingoni kabisa mwa mwanga unaoonekana. Skrini ya kompyuta au simu hutoa bluu yake kwa wingi kwenye nanomita 450 hivi. Vioo vyeupe vya aina hiyo hukata vizuri pale kwenye 405, lakini kwenye 450 huachia sehemu kubwa ipite. Vingi hupunguza kati ya asilimia 10 na 25 ya mwanga wote wa bluu, basi. Kama bado yuko sokoni, mwombe uijaribu: fungua kwenye simu picha ya bluu tupu iliyojaa skrini, fumba jicho moja, uiangalie kwa kioo kisha bila kioo. Utaona bluu ni ileile, imefifia kidogo sana. Ule mng'ao wa zambarau unaouona juu ya kioo ni rangi inayorudishwa na tabaka lililopakwa, nao usikutie imani.

Na hata kingekata zaidi, bluu ya skrini siyo inayokuchosha. Ukisimama kivulini chini ya mwembe saa nne asubuhi, mwanga unaofika machoni ni maelfu ya luksi, yaani vipimo vya mwangaza. Skrini iliyo umbali wa mkono mara nyingi haifikishi hata 100. Mwaka 2023 shirika la Cochrane, linalopima ushahidi wa tiba, lilikusanya majaribio 17 kutoka nchi sita na kuyapima pamoja. Kwa muda mfupi uliochunguzwa, halikuona kwamba vioo hivi vinapunguza uchovu wa macho wa kompyuta kuliko vioo vya kawaida. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani nacho hakishauri watu kununua miwani maalumu kwa ajili ya mwanga wa kompyuta. Uingereza, mwaka 2017, kampuni moja kubwa ya miwani ilitozwa faini ya pauni 40,000 kwa tangazo lililodai mengi kuliko ushahidi uliokuwepo.

Sasa tuje kwenye macho yako. Umeniambia una miaka 46, unasoma Kurani kwa miwani ya +2.00, na hiyohiyo ndiyo unayovaa ofisini. Hapo ndipo ninapokutilia shaka kubwa kuliko kwingine kote. Kitabu unakishika sentimita 40 kutoka usoni. Skrini iko 65 hivi. Kila umbali una namba yake ya kioo, na ukisogea kutoka 40 hadi 65 mahitaji ya jicho hupungua kwa karibu namba nzima. Kwa hiyo anayesomea kitabu kwa +2.00 huenda anahitaji +1.00 au +1.25 kwenye kompyuta. Ukiivaa ile ya kitabu, skrini inakuwa na ukungu, nawe bila kujua unasogeza uso mbele, shingo inanyooka kama ya kobe, na jioni kichwa na mabega vinauma. Ukiivua, jicho linajikaza lenyewe. Kioo cha bluu hakiwezi kutibu hilo hata ukivaa viwili. Nenda ukapimwe, na kabla ya kwenda pima kwa futi ya fundi cherehani umbali wa kutoka jicho hadi skrini ukiwa umekaa kama unavyokaa kazini. Mpe mpimaji tarakimu hiyo. Asipoiuliza, itaje mwenyewe, kwa sababu bila hiyo atakupimia kwa umbali wa kitabu tu. Hapo ndipo pa kupeleka hizo 45,000.

Kuwasha ni jambo jingine. Kwa kawaida mtu hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea skrini hushuka hadi mara 5 au 7, na nyingi ni nusunusu, kope haligusani na jingine. Machozi yanakauka katikati ya jicho. Ongeza na feni: Oktoba hadi Desemba ofisi nyingi huku kusini zina feni mezani, na wengi wanaielekeza usoni. Igeuze ipulize miguuni au ukutani. Vumbi la magunia ghalani linawasha vilevile, kwa hiyo ukitoka ghalani nawa mikono kabla ya kugusa jicho.

Kila dakika 20 tazama mbali, mita 6 au zaidi, mlango wa ghala panatosha, kwa sekunde 20. Kisha fumba taratibu kwa sekunde mbili, bana kidogo, fumbua; mara tano. Shusha skrini ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho au chini kidogo, maana ukitazama chini kope hufunika sehemu kubwa ya jicho na machozi hayakauki haraka. Dirisha liwe ubavuni, lisiwe mbele wala nyuma yako. Na kuza maandishi ya ile programu. Makarani wengi wanavumilia herufi kama sisimizi bila sababu.

Ikibidi dawa, nunua machozi ya bandia tu. Ukiyatia zaidi ya mara nne kwa siku, tafuta yasiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia dawa isiharibike. Na chupa ya kawaida ikishafunguliwa itupe baada ya wiki nne. Nakusihi sana usikubali matone yenye deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, kwa kuambiwa tu dirishani kwamba "yanaondoa wekundu". Yanauondoa kweli, lakini yakitumika ovyo huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na presha hiyo huiba uwezo wa kuona kimyakimya.

Uliuliza pia kuhusu usingizi. Ndani ya jicho kuna chembe zinazoupa mwili habari za mchana na usiku, na mwanga unaoziamsha zaidi uko karibu na nanomita 480. Miwani ya rangi ya kahawia au machungwa iliyokolea huukata kweli. Ile nyeupe uliyoonyeshwa haifiki huko. Lakini kabla ya kununua yoyote, punguza mwanga wa simu, na iache saa moja kabla ya kulala. Makundi ya simu usiku yanakesha na akili kuliko mwanga wake. Ya rangi ukiwa nayo, usiivae ukipanga korosho kwa rangi, itakupotosha, wala usimruhusu mwanao kuendeshea bodaboda usiku, inamnyima mwanga.

Huyo mtoto wako wa kidato cha pili anayeomba naye miwani ya bluu, mpime kwanza kama anaona ubao. Na umtoe nje mchana, saa mbili kwa siku zikipatikana. Kwa watoto hilo linasaidia kuchelewesha macho ya kutoona mbali.

Ukiona nuru zinamulika kama radi, vidoti vyeusi vingi ghafla, pazia upande mmoja, au maumivu makali na jicho jekundu, usingoje mnada uishe. Nenda hospitali ya Sokoine pale Lindi, au uje ya Ligula huku Mtwara, siku hiyohiyo.

Niandikie namba watakayokupa ya kitabu na ya skrini, zote mbili, na umbali uliopima. Zikilingana, nitataka kujua walikupima vipi.

Wako,
Somo wako wa Mikindani