Mwanangu, mvua ilipoanza ulizima kamera

Mwanangu mpendwa,

Filamu yako nimeiangalia mara tatu. Mara ya kwanza na baba yako mdogo, aliyekuwa anauliza hadithi inaanza lini mpaka ikaisha. Mara ya pili peke yangu. Ya tatu na wenzangu wanne wa kuanika dagaa, tumebanana mbele ya simu moja iliyoegemezwa kwenye ndoo.

Baba yako mdogo usimlaumu, amezoea filamu za watu kufukuzana. Dakika tisa bila neno hata moja, injini za mitumbwi tu na sisi tukigeuza dagaa, zilimshinda. Mimi zile taa za usiku nilizielewa hapo hapo. Umeanza na giza tupu, ikaja nukta moja, ikafuata nyingine, mpaka ziwa lote likawa kama mji. Ndivyo nilivyokuwa nikiliona wewe ukiwa mgongoni, nikihesabu taa kujua kama mtumbwi wa babu yako umeshatoka. Enzi hizo zilikuwa karabai, mwanga wa manjano. Za sola za sasa ni nyeupe, na kamera yako imeupata weupe ule. Sikujua kama jambo kama hilo linaweza kuonyeshwa bila kusimuliwa.

Halafu ukaonyesha mkono wangu. Kovu la kisu cha sangara, kidole gumba, na dagaa mmoja amenata kwenye ukucha. Wenzangu walinitambua kabla yangu.

Sasa nikwambie kinachoniuma. Mawingu yalipokusanyika upande wa Ukerewe, picha ikakatika. Siku ile naikumbuka: ulivua koti ukafunika kamera, ukakimbilia kibandani, sisi tukabaki tunahangaika na maturubai. Najua kamera ile imetokana na video za harusi za watu huko Dar es Salaam, hakuna aliyekuchangia hata shilingi. Kuiokoa sikulaumu. Lakini mwanangu, kazi yetu ni ile mvua. Dagaa wakilowa wakakosa jua siku mbili, wanabadilika rangi, wananuka, na mzigo wa kuliwa na watu unaishia kwenye chakula cha kuku, kwa bei ya kukutoa machozi. Ada yako ya kidato cha pili iliozea mchangani namna hiyo. Atakayeiona filamu yako ataona wanawake kwenye jua zuri, atasema kazi hii inapendeza.

Unakumbuka uliponiwekea ile filamu ya Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, iliyopigwa hapa Mwanza? Dunia ikaona minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, vile vichwa na mifupa baada ya minofu kutolewa, yanabaki kwetu. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani, na watu wakabishana: mapanki ni chakula cha watu au si chakula cha watu? Miaka hiyo mimi nilikuwa na karai la mapanki motoni, na ndiyo yaliyokulisha. Nilisikiliza ubishi ule nikigeuza vichwa kwenye mafuta, nikawaza: yupo atakayekuja kuniuliza yanakaangwaje, nani ananunua, mtoto anapenda sehemu gani? (Wewe ulipenda shavu.) Ndiyo maana siku uliposema unataka kupiga filamu, ndugu wakapinga, mimi nilinyamaza.

Umeniambia utaipeleka kwenye tamasha la filamu la ZIFF, Zanzibar. Ipeleke. Ila kabla ya Zanzibar ilete hapa mwaloni Igombe, na uje na kamera, mvua bado zipo. Nimekushonea mfuko wa nailoni nene wa kuivalisha, nimeacha tundu la jicho lake. Na safari hii ukae nasi mpaka tumalize kukusanya, hata kama ni usiku.

Projekta azima kwa wenzako wa harusi. Shuka nyeupe nimeshaifua, tutaitundika ndani ya banda la nyavu, jenereta atatoa jirani. Usije siku za giza, wavuvi wote watakuwa ziwani. Njoo mbalamwezi ikiwa kubwa, mitumbwi ikiwa imelala.

Mama yako,
Igombe, Mwanza