Ada ya muhula wa pili hudaiwa wakati wa kusi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo hapa Lamu kila mwenye mashua analijua, ila naona halijafika kwenye meza zinapogawiwa basari, yaani msaada wa karo.

Muhula wa pili hufunguliwa mwisho wa Aprili, na ndipo kusi, upepo wa kusini unaochafua bahari, inapoingia. Kutoka hapo hadi Septemba, hasa Juni na Julai, mashua ndogo hupandishwa pwani, nyavu zikatundikwa, na baba wa nyumba akashinda barazani, wala si kwa uvivu. Januari ni kaskazi. Bahari imelala, hata mwenye dau hapungukiwi kitoweo cha kuuza. Januari tunalipa, tena wengi wetu bila kusukumwa. Watoto wetu hurudishwa nyumbani Mei.

Nitaambiwa sekondari ya kutwa haina karo. Ni kweli Serikali ilipanga shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi. Lakini fedha hizo hazinunui sare wala chakula cha mchana, na mtoto wa Faza au Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, anayesoma huku mjini hawezi kuvuka mlango wa bahari wa Mkanda asubuhi na kurudi jioni. Atalala bweni, na bweni hulipiwa na mzazi. Nauli ya boti nayo ipo palepale.

Mwanangu yuko kidato cha tatu, shule ya bweni. Mwaka jana, Jumatatu moja ya Mei, nilikuwa ukumbini na kofia ya vito mapajani. Pembeni nilikuwa nimemaliza, juu pamebaki upana wa vidole viwili. Asiyeijua kazi hii aelewe kwamba kitambaa huchorwa kwanza kwa penseli, kisha kila kitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi mpaka kikaze, ndipo uende kingine. Kofia nzuri hunichukua miezi miwili, kati ya jiko na watoto. Mara namsikia mlangoni: "Mama, mwalimu mesema nisirudi bila pesa." Sanduku lake la bati amelibeba mwenyewe kutoka gatini.

Kofia ile ikiisha ningepata 3,500. Niliiuza vile ilivyo kwa 1,200, kwa mfanyabiashara ambaye bila shaka alimpa mwanamke mwingine aimalizie. Simlaumu, hiyo ndiyo biashara. Mtoto alirudi darasani Alhamisi.

Jirani zangu wasioshona huenda kwa tajiri. Wasomaji wa bara waelewe kuwa tajiri huku kwetu ni yule anayemkopesha mvuvi, na mara nyingi ndiye mwenye mashine na nyavu. Mei atakupa elfu kumi ya shule bila maneno mengi. Kaskazi ikirudi, samaki wako wote ni wake, kwa bei atakayotaja yeye, na ukija kuhesabu utakuta umelipa ile elfu kumi zaidi ya mara moja. Kwa hiyo hata Januari yetu nzuri huwa imeshaliwa tangu Mei.

Zamani kusi ilikuwa na vipenyo vyake. Mume wangu huniambia walikuwa wakivua kwenye maji yaliyokingwa na visiwa, upande wa Manda, siku ambazo nje hakwendeki. Sasa huko ndiko zinakopita meli za bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Mahakama Kuu ya Malindi iliamua mwaka 2018 kwamba wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hadithi ya fidia hiyo ni ndefu, siiingii leo.

Nirudi kwenye basari. Fomu ya mwaka jana niliijaza Februari. Muhuri wa chifu, nakala za vitambulisho, cheti cha kuzaliwa, kila karatasi shilingi kumi kwa mpiga nakala. Cheki ilifika shuleni Agosti, wiki ya kufunga: shilingi 4,000. Nashukuru, sikudharau. Ila elfu nne ileile ingefika Aprili, kofia yangu ningeimaliza na mtoto asingepoteza siku tatu za masomo. Sikuomba iongezwe hata senti.

Kwa hiyo wanaokaa kwenye kamati, za kaunti na za eneo bunge, naomba cheki za huku kwetu ziwe shuleni kabla ya muhula wa pili kufunguliwa. Na walimu wakuu wamruhusu mzazi alipe zaidi Januari na apunguziwe Mei, iandikwe na kupigwa muhuri. Wapo wanaokubali hivyo kwa mdomo, Mungu awalipe, lakini mwalimu akihamishwa makubaliano huhama naye.

La wanawake nitalisema kwa ufupi. Wateja wa kofia ni wa Maulidi na Idi, na hizo hufuata mwezi, kila mwaka zikija mapema zaidi kwa siku kumi au kumi na moja, hazijui shule imefungua lini. Mwenye uzi na kitambaa cha akiba hushona kusi nzima na kungoja bei. Asiye nacho huuza nusu kofia kama mimi. Semina za ujasiriamali tumekaa, soda tumekunywa. Vyeti ninavyo vitatu, kitambaa sina.

Mwaka huu fomu nimepeleka tena Februari. Leo ni Juni, mashua iko juu pwani, salio la shule ni shilingi 6,300, na cheki bado.

Mshona kofia,
Langoni, Lamu