Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Maombi ya Nishani za Ushujaa kwa Wapigania Uhuru wa Afrika Kusini

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wajane, watoto na wajukuu wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini walioishi, kupata mafunzo au kufia katika ardhi ya Tanzania. Mapato na matumizi atayasoma Mweka Hazina, na habari za ada na uandikishaji zimo katika taarifa ya Katibu. Mimi nitajikita katika maombi ya nishani za ushujaa, kwa kuwa ndiyo yaliyochukua sehemu kubwa ya kazi yetu mwaka huu.

Nishani hizi zilianzishwa mwaka 1996, Nelson Mandela akiwa Rais, kwa ajili ya wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe, yaani Mkuki wa Taifa, jeshi la chama cha ukombozi cha ANC, na wa APLA, jeshi la PAC, chama kingine cha ukombozi cha Afrika Kusini. Kwa upande wa Umkhonto, ya juu kabisa ni Nyota ya Ushujaa ya Dhahabu, ikifuatiwa na Nyota ya Ushujaa ya Fedha. APLA nao walitungiwa nishani zao. Haja ilikuwa ya haki. Majeshi yalipounganishwa kuwa jeshi moja la ulinzi la taifa tarehe 27 Aprili 1994, askari wa utawala uliopita waliingia na nishani zao vifuani, ilhali mpiganaji aliyekaa msituni na uhamishoni kwa miaka mingi aliingia bila alama yoyote ya kazi yake. Mwaka 2003 nchi ile iliweka mfumo mpya ambao nishani yake kuu ya ushujaa ni Nkwe ya Gauta, Chui wa Dhahabu, lakini matendo ya vita vya ukombozi ndiyo yaliyokusudiwa na nishani za mwaka 1996.

Naomba tuelewane vizuri hapa, kwa sababu majalada mengi yaliyoletwa kwetu yana upungufu wa aina moja. Yanaeleza kwa uchungu, na kwa ukweli, jinsi mzee alivyoteseka: aliacha wazazi, hakurudi kwao, aliugua, alizikwa ugenini. Kwa utumishi wa namna hiyo zipo medali nyingine, na familia inayostahili iziombe bila kusita. Nyota ya Ushujaa hutolewa kwa tendo. Lazima ijulikane mzee alifanya nini, wapi, katika hatari gani, na nani alishuhudia. Nayasema haya nikijua kwamba baadhi yenu mtaumia, lakini ni afadhali mlisikie kutoka kwangu kuliko kutoka kwa karani asiyewafahamu wazee wetu.

Chukueni mfano wa Wankie. Mwezi Agosti 1967 Kikosi cha Luthuli kilivuka Mto Zambezi kutoka Zambia pamoja na wapiganaji wa ZAPU, chama cha ukombozi cha Zimbabwe, kikapambana na majeshi ya Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, katika eneo la mbuga ya Wankie, ambayo leo inaitwa Hwange. Wengi wao walikuwa wametoka Kongwa, kambi iliyofunguliwa mwaka 1964 kwenye majengo yaliyoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza. Baadhi waliuawa, wengine, akiwamo Chris Hani aliyekuwa komisaa, yaani kiongozi wa siasa, wa kikosi, walivuka kuingia Botswana na kufungwa gerezani. Kwa hiyo tendo la mwanzo kabisa la wapiganaji wengi wa kizazi kile lilitokea mahali ambapo mashahidi walikuwa wenzao tu, na wenzao hao wengi sasa ni marehemu.

Juu ya hilo kuna suala la majina. Kwa usalama wao na wa ndugu waliobaki nyumbani, wapiganaji walitumia majina ya kambini, na ndiyo waliyojitambulisha nayo kwa majirani, kwa wakwe na kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao. Mtoto wa Morogoro au Chunya anayeomba kwa jina la baba analolijua yeye anaweza kuambiwa kwamba mtu huyo hayumo katika orodha yoyote, na huo ndio ukweli wa orodha ingawa si ukweli wa mtu. Hapa ndipo chama kinapoweza kufanya kazi ambayo hakuna ofisi ya Pretoria inayoweza kuifanya. Wapo wazee wa Kongwa, Mazimbu, Dakawa na Masuguri, walikoishi wapigania uhuru hapa nchini, waliouza maziwa kambini, waliosimamia ndoa, waliochimba makaburi, na wanakumbuka majina yote mawili. Maelezo yao tuyachukue kwa hati ya kiapo, kwa maneno yao wenyewe, bila kuongeza chumvi. Jalada moja lenye sifa za kutungwa litatia shaka majalada yetu yote.

Wameuliza pia Watanzania waliowasaidia wapiganaji. Nyota ya Ushujaa haiwahusu. Heshima ya Afrika Kusini kwa wageni ni Nishani ya Wandani wa O.R. Tambo, ambayo Mwalimu Nyerere alitunukiwa. Kuhusu fedha, nishani si pensheni. Mafao ya wapiganaji wastaafu na wategemezi wao yana sheria yake, Sheria Namba 18 ya mwaka 2011, na maombi yake ni tofauti. Chama hakijamtuma mtu yeyote kukusanya malipo ya kuharakisha nishani; anayefanya hivyo aripotiwe kwa Katibu.

Kwa mwaka ujao Kamati inapendekeza kuanza na makaburi ya Mazimbu, ndani ya eneo ambalo ANC ilirejesha kwa Tanzania mwaka 1992 na ambalo sasa ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Majina yaliyoandikwa pale yalinganishwe na yale yanayojulikana na familia zetu. Kila tawi linaombwa kuteua watu wawili, mmoja awe kijana anayeweza kuandika na kurekodi, na kuwasilisha majina yao kwa Katibu kabla ya mkutano huu kufungwa.

Mwenyekiti