Mary Celeste: mashua haikuwapo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nisahihishe makala yenu kuhusu Mary Celeste, meli ya matanga ya Kimarekani. Mwandishi anasema chombo kile kilikutwa baharini mwaka 1872 kikiwa kamili, chai ingali moto mezani, mashua zote zimefungwa mahali pake, ila watu tu hawaonekani. Ingekuwa hivyo, hata mimi ningemtafuta mganga. Lakini mashua haikuwapo. Ilikuwa ikikaa juu ya falka kuu, yaani mlango mkubwa wa sitahani wa kushukia ndani ya chombo, na mabaharia wa Dei Gratia, meli iliyokikuta chombo hicho, walipopanda sitahani walikuta nafasi tupu. Nahodha Benjamin Briggs, mkewe Sarah, binti yao Sophia wa miaka miwili na mabaharia saba, jumla watu kumi, yaelekea waliingia katika mashua ile. Swali halali ni moja: kwa nini waliona mashua ndogo katikati ya Atlantiki ni salama kuliko chombo chenye chakula cha miezi sita?

Chai nayo haimo katika ushahidi uliotolewa mahakamani Gibraltar, bandari ambako chombo kilipelekwa. Oliver Deveau, afisa wa kwanza wa Dei Gratia na mtu wa kwanza kukikagua chombo, hakukuta chakula kilichoandaliwa. Alichokuta ni vyumba vilivyolowa, maji jikoni na jiko lililosogea mahali pake. Hata bila yeye, tarehe zingetosha. Maandishi ya mwisho ya batli, yaani daftari la safari, yalikuwa ya saa mbili asubuhi tarehe 25 Novemba, chombo kikiwa karibu na kisiwa cha Santa Maria katika Azores, umbali wa maili sita hivi. Kilikutwa tarehe 4 Desemba, karibu maili 400 za baharini mashariki zaidi. (Vitabu vingine vinasema tarehe 5. Mabaharia wa wakati huo walianza siku yao saa sita mchana, kwa hiyo alasiri ya tarehe 4 ya nchi kavu kwao ilikuwa tarehe 5.) Chai ya siku tisa haiwezi kutoa moshi.

Habari ya mashua kubaki mahali pake ina chanzo kinachojulikana. Mwaka 1884 Arthur Conan Doyle, akiwa bado daktari kijana, alichapisha hadithi ya kubuni juu ya mkasa huu. Chombo akakiita Marie Celeste, na mashua akaziacha zote mahali pake. Mwandishi wenu naye ameandika Marie.

Sasa niseme juu ya vitu ambavyo makala imeviruka, na ndivyo vyenye uzito. Kronomita (saa ya baharini) haikuwapo, sekstanti (kifaa cha kupimia mahali chombo kilipo) haikuwapo, wala hati za chombo, lakini batli iliachwa. Anayechukua sekstanti na kronomita anategemea kuhitaji kujua yuko wapi. Hakunyakuliwa na mtu, wala hakujirusha majini kwa kichaa. Upande wa pili, mabaharia waliacha viko vyao na nguo za mvua, vitu ambavyo baharia haachi akijua anahama. Yaani waliondoka kwa haraka yenye akili, na huenda kwa nia ya kurudi baada ya saa chache.

Falka mbili, ya mbele na ya nyuma, zilikuwa wazi. Falka kuu ilikuwa imefungwa vizuri. Pampu moja ilikuwa imefunguliwa, na ufito wa kupimia maji ulikuwa sitahani. Ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, mlikuwa na maji futi tatu na nusu.

Hapo kwenye maji ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu futi tatu na nusu zinasikika nyingi. Mary Celeste ilitengenezwa upya mapema mwaka huohuo wa 1872, ikaongezwa sitaha ya pili. Kina chake kikatoka futi 11.7 hadi 16.2, na ukubwa ukatoka tani 198 hadi 282. Kwa chombo cha mbao cha kiasi hicho, kilichokaa siku tisa falka wazi na bila mtu wa kufua maji, futi tatu na nusu ni jambo la kawaida kabisa. Deveau na wenzake wawili walikipeleka hadi Gibraltar, watu watatu tu, na kilifika tarehe 13 Desemba kikielea vizuri.

Basi kama chombo kilikuwa kizima, Briggs aliogopa nini? Alikuwa na miaka 37, mzoefu, na binti yake yumo ndani. Fikirini kazi ya ufito ule. Unaushusha katika bomba la pampu hadi ngamani, unaupandisha, unasoma umelowa mpaka wapi. Hakuna njia nyingine ya kujua maji yamefika wapi wakati shehena imejaa. Mambo mawili huuharibu usomaji. Kwanza, chombo kikiyumba maji ya ngama hukimbia huku na huku na kuruka, na ufito hulowa juu zaidi ya kiwango halisi. Pili, pampu ikiziba, unapiga mkono na maji hayatoki, nawe hujui kama ngama ni kavu au inajaa. Shehena ya safari ya nyuma ilikuwa makaa ya mawe, na kabla ya safari hii mafundi walikuwa wamekikata na kukijenga chombo hichohicho. Vumbi la makaa na takataka za mbao zikichanganyika na maji ya ngama huwa tope linaloweza kuikaba pampu yoyote. Batli inaonyesha dhoruba kwa siku kadhaa. Sasa mweke nahodha mbele ya pampu iliyofunguliwa, ufito umelowa juu kuliko alivyotarajia, na nchi kavu inaonekana. Kesho huenda nchi hiyo isionekane tena.

Wapo wanaoshikilia mvuke wa spiriti, na hoja yao si ya kudharau. Shehena ilikuwa mapipa 1,701 ya spiriti isiyonyweka, kwenda Genoa. Yalipofunguliwa huko, 9 yalikutwa matupu, nayo yanatajwa kuwa ya mwaloni mwekundu, ambao vitundu vyake viko wazi. Mwaloni mweupe vitundu vyake vimezibwa na ndio unaofaa kwa vimiminika. Mvuke wa spiriti ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hulala chini ngamani. Mwaka 2006 mwanakemia Andrea Sella wa chuo kikuu cha UCL, London, alitengeneza mfano wa ngama, akatumia gesi ya butani na makasha ya karatasi badala ya mapipa. Alipowasha, moto mkubwa ulilipuka, lakini karatasi hazikuungua wala kuacha alama. Kwa hiyo kutokuwapo kwa alama za moto hakuifuti nadharia hiyo. Mimi kinachonizuia ni falka kuu. Mlipuko wa kumfanya nahodha akimbie ungeanza na mfuniko ule mkubwa wa katikati, nao ulikutwa umefungwa. Kufungua falka mbili za ncha kunafanana zaidi na mtu anayepitisha hewa au anayechungulia maji.

Nadharia zote mbili zinafika kwenye kamba moja. Henza ya ncha ya tanga kubwa, yaani kamba ya kulipandishia, ilikutwa imekatika na sehemu yake kubwa haikuonekana. Ni kamba nene na ndefu, inayofaa kufungia mashua nyuma ya chombo wakati unasubiri kuona kama kitazama. Tatizo ni kwamba baadhi ya matanga ya mbele yalikuwa bado juu. Upepo ukishika ghafla, chombo hutoka mbio, kamba hukaza kwa mshtuko na uzito wa watu kumi uko upande wa pili. Ikikatika, hakuna makasia ya kukimbiza chombo chenye matanga. Sina shahidi wa hilo, lakini sijaona maelezo yanayotumia vitu vyote vilivyokutwa bila kuongeza kimoja.

Kuhusu upanga wenye damu, makala ilipaswa kumaliza habari. Upanga ulikutwa chumbani kwa nahodha, na Frederick Solly-Flood, mwanasheria mkuu wa Gibraltar, alishikilia kwamba mabaharia walilewa wakaua. Spiriti ile hainyweki. Daktari aliyepima madoa ya upanga hakukuta damu, na Solly-Flood akayakalia majibu hayo. Mikato ambayo Solly-Flood aliiona kwenye omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ilikaguliwa na Nahodha Shufeldt wa jeshi la majini la Marekani, akasema ni mbao zilizobanduka zenyewe. Hata hivyo shaka ilibaki na iligharimu: mahakama ilipotoa tuzo ya uokoaji Aprili 1873, watu wa Dei Gratia walipata paundi 1,700 tu, takriban moja ya tano ya thamani ya chombo na shehena. Hakuna aliyewahi kushtakiwa.

Mwisho wa chombo pia mmeukosea, hakikupotea ukunguni. Tarehe 3 Januari 1885 nahodha Gilman Parker alikipandisha makusudi kwenye mwamba wa Rochelois, Haiti, kikiwa kimebeba takataka zilizokatiwa bima ya dola 30,000. Watu wa bima walikwenda kuangalia ni nini hasa kilichokuwa ndani, na Parker akafikishwa mahakamani Boston, ambako baraza la wazee lilishindwa kukubaliana.

Msomaji wenu,
Tanga