Barua kwa mwanangu aliyeko Mafinga

Tukuyu, Rungwe

Mwanangu mpendwa,

Huku nyumbani hatujambo. Mama yako anakusalimu, ingawa hajui ninakuandikia kuhusu nini. Kwa kawaida jambo kama hili baba humwachia mjomba alizungumze, lakini mjomba wako ni mkulima wa chai, nami nimekaa katika chumba cha kuonea wagonjwa miaka mingi kiasi kwamba sioni haya tena kulitaja govi kwa jina lake. Wewe pia usione haya.

Umeniandikia kwamba ngozi huwa nyekundu, huwasha, hutoa utando mweupe na kuchanika mistari midogo, ukanunua dawa ya kupaka, ikatulia, kisha ikarudi. Na kwamba siku hizi govi halivutiki nyuma kama zamani. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kila uvimbe unaporudi, ngozi ya mdomo wa govi huchanika, na mchaniko unapopona huacha kovu, na kovu halina mnyumbuko wa ngozi ya kawaida. Govi likishabana, huwezi kusafisha chini yake, unyevu na mabaki ya mkojo hukaa humo, na fangasi au bakteria hupata makao. Kwa hiyo ukitibu uvimbe peke yake kila unapotokea, wewe dereva utanielewa: unajaza upepo tairi ambalo msumari bado umo ndani.

Kabla ya dawa yoyote, kapime sukari ya damu. Mwanamume mtu mzima ambaye fangasi wa sehemu hiyo humrudia mara kwa mara anaweza kuwa na kisukari asichokijua, kwa sababu sukari inayotoka kwenye mkojo huwalisha fangasi hao. Nimewahi kuona wagonjwa waliogundulika kwa njia hiyo hiyo, wakiwa wamekuja kwa ajili ya muwasho tu. Nenda asubuhi kabla hujala chochote. Kipimo kikisoma 7.0 (kwa milimoli kwa lita, mmol/L) au zaidi, nacho kikarudiwa siku nyingine kikasoma vivyo hivyo, hicho ni kisukari, na hakuna dawa ya kupaka itakayokusaidia kwa muda mrefu mpaka sukari ishuke. Baba yangu alikuwa nacho, kwa hiyo usiniambie kwamba wewe bado kijana. Siku hiyo hiyo omba upimwe magonjwa ya zinaa na virusi vya UKIMWI, si kwa sababu ninakushuku, bali kwa sababu tabibu makini haachi swali hilo wazi.

Nimecheka kidogo, unisamehe, nilipoona kwamba ulipozidiwa ulianza kuosha kwa sabuni ya kufulia na dawa ya kuua vijidudu. Acha kabisa. Sabuni kali huondoa mafuta ya ngozi, ngozi hukauka na kupasuka, na muwasho unaoletwa na sabuni hufanana mno na ule wa fangasi. Maji ya uvuguvugu yanatosha, mara moja kwa siku. Najua baridi ya Mafinga mwezi wa Juni na Julai, na najua mtu anavyopitisha maji haraka haraka na kuvaa suruali mbili juu ya ngozi yenye maji. Basi pasha maji, vuta govi nyuma hadi pale linapofika bila maumivu, osha, kausha kwa kitambaa laini kwa kugusagusa, kisha lirudishe mbele. Ukimaliza kukojoa, kausha pia. Katika safari ndefu ya kushusha mbao Tunduma, vaa chupi ya pamba na ubebe ya kubadilisha.

Kuhusu dawa, ninaomba usinunue tena bomba ambalo muuzaji analisifu kwamba linatibu kila kitu. Mengi ya hayo yamechanganywa na steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe wa ngozi isiyoua fangasi, ambayo hutuliza wekundu ndani ya siku mbili, mgonjwa akaacha kupaka, huku fangasi wakiwa hawajafa. Ikiwa tabibu amekuangalia na kuthibitisha kuwa ni fangasi, klotrimazoli ya asilimia 1, ikipakwa mara mbili kwa siku hadi wiki mbili, kwa kawaida hutosha, na usiiache siku muwasho unapokoma. Mkeo naye akiwa na muwasho au utoko usio wa kawaida, atibiwe wakati huo huo. Mweleze waziwazi kwamba fangasi hawa huweza kuota bila mtu yeyote kutoka nje ya ndoa, maana nyumba nyingi zimevurugika kwa kutolijua hilo.

Uvimbe ukishaisha, ndipo tunaposhughulikia kubana. Hapo steroidi ina kazi yake halali: daktari anaweza kukuandikia betamethasoni, uipake kwa wembamba kwenye ule mdomo uliobana, kwa wiki nne hadi nane, huku ukivuta ngozi taratibu kila siku. Kuvuta huko kusilete maumivu wala damu. Anayelazimisha huchana upya, akaongeza kovu jingine, akarudi nyuma kuliko alipoanzia. Tena ukumbuke kulirudisha govi mbele kila mara. Likibaki nyuma huikaba shingo ya uume, kichwa kikavimba, na hiyo ni dharura ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo, usiku kwa usiku, hata kama gari lina mzigo.

Ziko dalili ambazo hazingoji majaribio ya nyumbani: mkojo kutoka kwa shida au kulivimbisha govi kama puto kabla ya kutoka, ngozi kugeuka nyeupe na ngumu kama pete, kidonda au uvimbe usiopona. Hizo zinahitaji macho ya daktari wa upasuaji, na ile ngozi nyeupe hasa huenda isisikie dawa.

Dawa ikishindwa, tohara ndiyo tiba ya kudumu, na ni vema nikuambie msimamo wangu: siipeleki mbele ya mengine, lakini siiogopi. Sisi Wanyakyusa, kama Wahehe na Wabena ulio nao huko, hatukurithi desturi hiyo, ndiyo maana wengi bado huidhani ni mambo ya watoto. Hata hivyo, baada ya Shirika la Afya Duniani kuipendekeza mwaka 2007 kwa kuwa hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke, Iringa, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani yake, ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuitoa hospitalini, na watu wazima wengi wamekwisha kufanyiwa. Hufanywa kwa sindano ya ganzi, na mtu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Utakaa wiki sita bila tendo la ndoa, na siku za mwanzo hutaendesha lori, kwa hiyo mwombe bosi wako ruhusa mapema. Sukari ikiwa juu, ishushwe kwanza, kidonda kisije kikachelewa kupona.

Na mjukuu wangu, ambaye unasema bibi yake wa huko humvuta govi kila anapomwogesha ili lifunguke: mwambie kwa heshima aache. Kwa mtoto mdogo govi hushikana na kichwa cha uume kwa asili, na hujiachia lenyewe kwa miaka, kwa wengine hadi kubalehe. Aoshwe kwa nje tu.

Majibu ya sukari ukiyapata nipigie jioni, mama yako akiwa kwaya.

Ndaga fijo,
Baba yako