Mpwa wangu mrefu, lala chini kwanza ndipo ununue hema

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia Desemba unapanda Mlima Elgon, na picha ya hema uliloliona nimeipata. Nimefurahi mno. Lakini nimeitazama picha ile usiku mzima, na kabla hujatuma pesa naomba unisikilize. Nakuandikia hadharani kwa sababu warefu wenzako wa Kisumu na Nakuru huniuliza swali hili hili, kama hema la piramidi litawatosha urefu, na wengi huniuliza wakiwa wameshanunua.

Umechagua vyema aina yenyewe. Hema la piramidi lina nguzo moja katikati na kuta nne zinazoteremka hadi chini, basi. Nguzo yenyewe si lazima uinunue, kwani fimbo zako mbili za kutembelea ukizifunga pamoja kwa mkanda zinatosha. Turubai la nje la watu wawili la nailoni yenye silikoni huwa na uzito wa nusu kilo au zaidi kidogo, ilhali hema la kawaida la bei nafuu hufika kilo mbili na nusu au tatu. Kwa mtu anayebeba chakula cha siku nne kutoka lango la Chorlim, tofauti hiyo mabega huijua.

Shida iko kwenye mteremko wa kuta. Muuzaji atakuambia sakafu ina sentimita 240, nawe una futi sita na inchi tano, yaani sentimita 196, kwa hivyo utaona umebakiwa na nafasi ya kutosha. Sivyo. Wewe hulali ukiwa bapa kama karatasi. Umelalia godoro la kupuliza, vidole vya miguu vimesimama, mfuko wa kulalia umefura juu yake. Miguu yako inafika kimo cha sentimita 35 hivi kutoka ardhini, na hapo juu ukuta umeshakuja ndani.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua kimo cha kilele, toa 35, gawanya kwa kimo hicho hicho cha kilele, kisha zidisha kwa urefu wa sakafu. Hema la sakafu ya sentimita 240 na kilele cha 140 linakuachia 180. Wewe ni 196! Kichwa au miguu lazima iguse. Sasa chukua UltaMid 2, hema la piramidi la kampuni ya Hyperlite Mountain Gear, ambayo urefu wake ni takriban sentimita 272 na kilele 163. Hiyo inakupa kama 213. Ukikumbuka kwamba mtu aliyelala hunyoosha vidole na mfuko wa kulalia nao una unene wake, mimi kwako sitaki chini ya 210. Unaona jinsi hata hema zuri linavyokutosha kwa shida.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu yamenipata, nami nina futi sita na inchi mbili tu. Miaka mingi iliyopita nililala chini ya kilele cha Koitobos, huko huko Elgon, ambacho kina mita 4,222, ndani ya hema nililoambiwa linatosha watu wawili bila wasiwasi. Mvua ilinyesha jioni, kisha mawingu yakatawanyika na baridi ikashuka. Pumzi yangu iligeuka maji kwenye ukuta, na miguu yangu ilikuwa imeugusa ukuta huo tangu saa mbili. Saa tisa usiku nikaamka nikihisi unyevu vidoleni. Mfuko wangu ulikuwa wa manyoya ya bata, na manyoya yakilowa hushikana yakawa mabonge, joto likaisha. Nilivaa kila nguo niliyokuwa nayo, nikakaa kitako nimekumbatia magoti hadi jua likatoka. Sitaki upitie usiku ule.

Kwa hivyo fanya hivi wiki hii. Nenda uani kwenu, pima mstatili wa sakafu kwa tepu, piga vigingi vinne pembeni. Simamisha mti wa kimo cha kilele katikati na uvute kamba za manila kutoka juu hadi kila kigingi, kisha uzungushie shuka kuukuu. Tandika godoro, ingia kwenye mfuko wako, ulale upande mmoja wa nguzo kama utakavyolala mlimani. Mama yako apite nje atazame kama shuka linasukumwa. Dakika kumi hizo zitakueleza mengi kuliko maelezo yote ya wauzaji.

Usijidanganye kwamba utalala kimshazari ili upate urefu. Nguzo iko katikati, na mshazari unapita hapo hapo. Njia ipo, ya kuziunganisha fimbo mbili juu na kutanua miguu yake chini kama herufi V iliyopinduliwa, na hapo katikati panabaki wazi. Lakini uulize kwanza kama kilele cha hema hilo kinakubali, na ujue kwamba fimbo zikiinama zinahitaji kuwa ndefu zaidi. Afadhali wewe fimbo zako ni ndefu tayari.

Kuna mambo mawili yanayoongeza nafasi bila kuongeza uzito, na ningependa uyatafute kabla ya rangi na mapambo. La kwanza ni vitanzi katikati ya ukuta, upande wa kichwa na wa miguu. Ukifunga kamba hapo, ukaipitisha juu ya kijiti kirefu nje, ukuta unavutwa mbali nawe. La pili ni kuliinua hema zima sentimita kumi kutoka ardhini. Lile la sentimita 272 linakupa 230 badala ya 213, na hewa inapita chini kwa hivyo ukuta hauloi sana. Usiku wa upepo mkali utalishusha tena, kwani matone na baridi vitaingia.

Kuhusu kitambaa sitakuchosha. Nailoni ikilowa hunywa maji na kulegea, kwa hivyo usiku utarefusha nguzo kidogo ukiwa ndani, jambo ambalo kwa piramidi ni rahisi. Poliesta hulegea kidogo sana. Dyneema, kitambaa cha nyuzi za plastiki imara sana, hailegei wala hainywi maji, lakini bei yake huweza kuwa mara mbili, na mimi pesa hiyo ningeiweka kwenye hema kubwa zaidi la nailoni. Ndiyo, nakuambia uchukue la watu wanne ulale peke yako. Utaongeza gramu mia kadhaa na utalala kama mtu. Mishono ya nailoni ya silikoni usisahau kuipaka silikoni safi isiyo na rangi. Ile inayouzwa haduweya inafaa, ukihakikisha si akriliki.

Neti ya ndani yenye sakafu ni suala lingine. Huko juu Elgon mbu si tatizo, unaweza kutandika nailoni tu chini. Ila ukija kulitumia Kakamega, tafadhali usilale bila sakafu. Siafu wakipitia hapo usiku hakuna kitakachowazuia, na msitu ule mvua yake ya alasiri huacha ardhi mbichi. Nyumbani kwenu karibu na ziwa, mbu ni malaria. Basi nunua neti, lakini ujue ni ndogo kuliko turubai la nje, kwa hivyo hesabu yetu irudie kwa vipimo vya neti yenyewe. Hapo ndipo warefu wengi hukwama. Hema linawatosha, neti haiwatoshi.

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao nitakuwa ukingoni mwa kreta ya Menengai na hema langu. Pale upepo ni wa kutosha kulijaribu. Panda matatu ya asubuhi uje Nakuru, ulete fimbo zako, godoro na mfuko wa kulalia. Nitakupisha ulale mle ndani nikupime miguu, halafu tutajua ni sentimita ngapi tunazitafuta.

Mjomba wako